Nani Mtendaji? Kifungu cha 69 Mbele ya Ithembo

Ithembo ni kichaka cha matambiko cha Wakamba, mara nyingi penye mumo au mkuyu mkubwa, na sheria yake ni fupi mno: usikate mti, usivunje tawi. Haina tarehe wala mtungaji. Nguvu yake imo katika katazo tupu, lisilo na “isipokuwa”, na katika wanaolisimamia. Hao ni atumia ma ithembo, wazee walio walinzi na waamuzi kwa pamoja. Katika vilima vya Mbooni na Nzaui huko Makueni, au Mutitu na Mumoni huko Kitui, mtu hukua akiijua sheria hii kabla hajajua kusoma.

Sasa tusome Kifungu cha 69 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010. Sehemu yake ya kwanza yaorodhesha majukumu manane, na yote yana mtendaji mmoja tu, Serikali. Jamii zinatajwa mara moja, katika kipengele cha (c), kama wenye maarifa ya kiasili kuhusu bayoanuwai. Maarifa ni yao, kitenzi ni cha Serikali. Kipengele kinachofuata kinataka umma ushirikishwe, na humo mzee wa ithembo anapotea, awe sawa na mpita njia yeyote.

Katika Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016, jamii hatimaye inapata kitenzi chake. Kitenzi chenyewe ni kuomba. Wanajamii wanasajili chama, kisha chama kinaiomba Huduma ya Misitu ya Kenya (KFS) ruhusa ya kushiriki katika kutunza msitu wa umma. Majukumu ya chama yanaorodheshwa baada ya hapo, na mojawapo ni kulinda vichaka vitakatifu. Kuvitaja waziwazi ni jambo la kusifiwa. Lakini mpangilio wa vifungu unaniuma: ithembo lililotunzwa kabla KFS haijakuwapo linaingia katika sheria kwa mlango wa kibali, tena kibali kinachoweza kufutwa.

Kaunti zinaweza kuandika vingine. Makueni, kwa mfano, ilitunga sheria yake ya kuhifadhi mchanga wa mito mwaka 2015. Wawakilishi wadi wa kaunti za Makueni na Kitui na watunge sheria ya mathembo ambayo wazee ndio watendaji, na serikali ya kaunti ndiyo inayoomba ruhusa.