Mikate Saba Kando ya Kichwa

Katika kibao cha 11 cha utenzi wa Gilgamesh, mwanamke mmoja asiyetajwa jina anaoka mkate kila siku na kuupanga kando ya kichwa cha mgeni aliyelala. Kila aokapo mmoja, anachora alama ukutani. Mgeni huyo ni Gilgamesh, mfalme wa Uruk, theluthi mbili mungu na theluthi moja binadamu, aliyevuka maji ya mauti kumtafuta Utnapishtim, mzee ambaye yeye na mkewe walipewa uhai usiokoma baada ya gharika. Sharti alilowekewa ni jepesi kulitamka: akae macho siku sita na mikesha saba. Analala pale pale alipochuchumaa. Wasomaji wengi hupita hapa mbio, ama kwa sababu wametoka kwenye gharika inayowakumbusha Nuhu, ama kwa sababu wanamngoja nyoka atakayeuiba mmea wa ujana. Mimi naona uti wa mgongo wa kazi nzima uko kwenye ile mikate. Mwenye kutaka kujua mtunzi alifanyaje hata akamfikisha shujaa wake, na sisi pamoja naye, kwenye kukubali kifo, aanzie hapo.

Kwanza tuiweke kazi mahali pake. Hadithi za Gilgamesh zilitungwa kwa Kisumeri yapata miaka 4,000 iliyopita, zikaja kuunganishwa kuwa utenzi mmoja wa Kiakadi, na toleo linalosomwa zaidi leo huhesabiwa kuwa la mkono wa Sîn-lēqi-unninni, aliyeishi kati ya mwaka 1300 na 1000 KK. Ni vibao 12 vya udongo vilivyoandikwa kwa mwandiko wa kikabari. Cha 12 ni kiraka kilichoongezwa na hakitatushughulisha. Nakala zilifukuliwa katika magofu ya Ninawi, Iraki ya leo, kuanzia mwaka 1853 chini ya Hormuzd Rassam, na mwaka 1872 George Smith akawatangazia watu wa London kwamba amesoma humo habari za gharika. Kwa msomaji wa Nakuru kuna sadfa ya kupendeza: kwa makadirio, zama hizo hizo utenzi ulipokuwa ukipewa umbo lake la mwisho, kulikuwa na wafugaji huko Njoro waliokuwa wakichoma maiti zao ndani ya pango kando ya mto. Nitawarudia.

Mtunzi hakuishiwa mawaidha. Katika toleo la kale la Kibabeli, Siduri, mwenye kilabu cha pombe ufuoni mwa bahari, anamshauri mfalme ale ashibe, avae nguo safi na amfurahie mtoto anayemshika mkono. Katika toleo la baadaye ushauri huo umeondolewa kinywani mwake. Badala yake, mwishoni mwa kibao cha 10, Utnapishtim mwenyewe anatoa nasaha ambazo zingefaa kwenye mazishi yoyote: kwamba binadamu hukatwa kama tete, kwamba kifo hakuna aliyewahi kuiona sura yake, kwamba nyumba tunazojenga na urithi tunaougawana vina mwisho. Ni hotuba nzito, na haifanyi kazi. Kibao cha 11 kinafunguka na Gilgamesh anamtazama mzee kwa makini, kisha anamwambia kwamba haoni tofauti yoyote kati ya miili yao, basi amweleze yeye aliupataje uhai ule. Tazama ufundi huo. Mawaidha bora kuliko yote katika utenzi yamewekwa mahali ambapo shujaa atayaruka kama hakuyasikia. Mtunzi ametuonyesha, bila kusema, kwamba maneno matupu hayamshawishi mtu akubali kufa.

Ndipo mikate inapoingia. Gilgamesh akiisha kulala, mke wa mzee anamhurumia na kutaka aamshwe, arudi kwao kwa amani. Mzee anakataa kwa sababu ya kiutendaji kabisa: binadamu ni mdanganyifu, huyu akiamka atakana. Basi mikate ipangwe na alama zichorwe. Na kweli, siku ya saba anapoguswa, Gilgamesh anadai kwamba usingizi ulikuwa ndio kwanza unamnyemelea. Anaambiwa ahesabu mikate yake. Wa kwanza umekauka kau, wa pili umekuwa kama ngozi, wa tatu umelowa, wa nne umegeuka mweupe, wa tano umeota ukungu wa kijivu, wa sita umeiva karibuni, na wa saba bado uko juu ya makaa. Sasa jiulize kwa nini mtunzi alihitaji mikate ilhali alama za ukutani zilikwisha kuhesabu siku. Alama saba zaweza kuchorwa zote asubuhi moja. Ukweli wake unategemea uaminifu wa aliyechora. Ukungu haughushiki. Mwenye shaka na achukue chapati saba, azifunike kwenye hotipoti moja baada ya nyingine kwa wiki nzima, aone kama ipo njia ya kuiharakisha ya kwanza au kuichelewesha ya mwisho. Katika lugha ya mahakamani tungesema ukuta umetoa maelezo, mikate imetoa kielelezo. Tena kielelezo chenyewe ni chakula, yaani kitu ambacho mtu hula ili asife, kinachooza mbele ya macho yake huku yeye amelala usingizi ulio nduguye kifo. Gilgamesh hakanushi tena. Anauliza aende wapi sasa, maana kila anakogeuka mauti yapo.

Mbinu hii haikuzuka ghafla. Enkidu, rafiki wa Gilgamesh, alipokufa, mfalme alikataa kumzika siku sita na mikesha saba, hesabu ile ile, akitumaini kwamba kilio kitamrudisha. Aliyemkatisha tamaa ni funza aliyedondoka kutoka puani mwa maiti. Sisi wa Kiswahili tuna kisa kinachokaribia: Fumo Liyongo, baada ya kuchomwa kitovuni kwa sindano ya shaba, alipiga goti kisimani na uta wake mkononi, akafia hapo, na watu hawakuthubutu kukaribia kuteka maji mpaka mwili ulipoanguka wenyewe. Hapo pia kifo kinangoja kithibitishwe na kitu kinachoonekana kwa macho. Ila kwa Liyongo wanaothibitishiwa ni maadui. Kwa Gilgamesh ni mwenye kuomboleza, na baadaye ni mwenye kutaka kuishi.

Msomaji makini atanipinga hapa. Kama mikate ilimaliza kesi, mbona baada yake kuna mmea? Mke wa mzee anaombea mgeni asiondoke mikono mitupu, Gilgamesh anaambiwa kuhusu mmea wenye miiba ulio chini ya maji, anajifunga mawe miguuni, anazama, anaupata. Je, si ushahidi kwamba hakukubali lolote? Nadhani pingamizi hili linaiimarisha hoja. Mmea hautoi uhai usiokoma. Jina lake lenyewe linahusu mzee kurudi kuwa kijana. Dai limeshuka daraja, kutoka kutokufa hadi kuchelewa kuzeeka. Na la kuzingatia zaidi ni kile Gilgamesh anachopanga kuufanyia: ataupeleka Uruk na kuujaribu kwanza kwa mzee mmoja. Mtu aliyekimbia nyika nzima kwa kuamini tetesi sasa anataka jaribio. Amejifunza kwenye mikate. Jaribio linafanyika kweli, ila si kwa mzee. Akiwa anaoga kwenye dimbwi la maji baridi, nyoka anavutwa na harufu, anauchukua mmea, na anapogeuka anaacha gamba lake chini. Gamba lile ni kielelezo kingine: mmea ulikuwa wa kweli, umefanya kazi, na haupo tena. Mtunzi mwenye mkono mzito angempa nyoka maneno ya kejeli. Huyu ametuachia ngozi kavu tu.

Sasa nyumbani. Mwaka 1909 Alfred Hollis, ofisa wa serikali ya kikoloni, alichapisha kitabu chake kuhusu Wanandi, na humo mna kisa cha asili ya kifo. Mbwa aliwajia watu akawaambia kwamba watakufa kama mwezi ufavyo, lakini hawatarudi kama urudivyo mwezi, isipokuwa wampe maziwa anywe kwenye kibuyu chao na pombe avute kwa mrija wao. Wakamcheka. Wakammiminia juu ya kigoda alambe. Mbwa akakasirika, akakata shauri kwamba watu wafe na mwezi peke yake urejee. Miaka minne kabla, mwaka 1905, Hollis huyo huyo alikuwa ameandika kisa cha Wamaasai cha Leeyo, aliyefundishwa maneno ya kusema mtoto afapo ili mtu arudi na mwezi upotee; kwa kuwa mtoto hakuwa wake, akayapindua, na alipofiwa na wake mwenyewe akakuta maneno hayapinduki tena. Visa hivi viwili vya Bonde la Ufa ni vifupi, lakini kiufundi vimejengwa kwenye fundo lile lile la jaribio. Kinachotofautiana ni wakati wa kulijua. Gilgamesh anaambiwa mapema kwamba anapimwa, anashindwa, anaonyeshwa matokeo. Watu wa Nandi wanatajiwa sharti, ila hawatambui kuwa mezani kuna mtihani; wanadhani wanamkosea adabu mbwa tu. Na kipimo si cha nguvu ya kushinda usingizi bali cha kushirikiana vyombo. Anayejua mrija mrefu wa pombe katika jamii hizo, unavyowakutanisha wazee kuzunguka chungu kimoja, ataelewa kwamba kumnyima mtu mrija ni kumwambia si mwenzetu. Leeyo naye hakushindwa ujuzi, alishindwa kumhesabu mtoto wa mwingine kuwa wake.

Kuna utaratibu mmoja wa Kalenjin ninaouona kuwa karibu zaidi na mikate kuliko kisa chochote. Katika kurenet, desturi ya kumpa mtoto jina la roho kama ilivyoelezwa kwa Wakipsigis na Wanandi, majina ya wahenga hutajwa moja baada ya jingine mpaka mtoto apige chafya, na jina lililotajwa wakati huo ndilo la mhenga aliyerudi. Hiki nacho ni kipimo cha mwili: kama ukungu wa mkate, chafya ya mtoto mchanga haina nia wala werevu. Au ndivyo tungependa iwe, kwa sababu tumbaku ya kunusa ilitumika kuiharakisha, na mtu mzima mwenye tumbaku anaweza kuchagua wakati. Sioni haja ya kulificha hilo. Linatuonyesha tofauti iliyo muhimu: jaribio la kurenet limetengenezwa na wanaotaka jibu liwe ndiyo, jaribio la mikate limetengenezwa na anayetarajia mtu adanganye. La kwanza linamrudisha aliyekufa kwenye ukoo kwa njia ya jina, kama Wakikuyu wa Nakuru wanavyomrudisha babu kwa kumwita mjukuu jina lake. La pili halimrudishi mtu yeyote.

Kuna watakaosema nalinganisha mbingu na ardhi, mashairi ya makuhani wa Mesopotamia na ngano za kando ya moto zilizochujwa na kalamu ya mkoloni. Sidai kwamba Uruk iliazima Nandi wala Nandi Uruk. Na ni kweli kwamba hatujui msimuliaji wa Hollis alikatiza wapi, au Hollis alipunguza nini. Kisa kifupi namna hiyo hakiwezi kupimwa uzito na mishororo inayokaribia 3,000. Lakini swali langu ni la seremala, si la mpima mashamba: kiungo hiki kimechongwaje? Nakuta mafundi wawili wasiofahamiana waliokataa kuliachia neno kazi ya kukieleza kifo, wakaikabidhi vyombo vya jikoni. Huku mkate na kaa la moto, huko kibuyu na mrija.

Na vyombo vya jikoni ndivyo vilivyobaki. Kwenye kilima cha Hyrax Hill, nje kidogo ya mji wa Nakuru, Mary Leakey alichimba mwaka 1937 na 1938 na kukuta makaburi ya kale ambamo wanawake walizikwa na sahani za mawe na michi. Mwaka huo wa 1938 yeye na Louis Leakey walichimba pango la Njoro: watu wapatao 80 waliochomwa, kila mahali mabakuli ya mawe, michi na mawe ya kusagia, pamoja na shanga. Mawe yangebaki kwa vyovyote. Ajabu ni vitu laini: vibuyu, vipande vya ususi, chombo cha mbao kilichonakshiwa, vitu ambavyo kwa kawaida huoza katika udongo baada ya miaka michache. Vilidumu miaka 3,000 kwa sababu moto wa mazishi uliwahi kuvigeuza makaa kabla ukungu haujavifikia. Vibao vya Ninawi navyo vilikuwa udongo mbichi vingi vyao, mpaka mji ulipotiwa moto mwaka 612 KK na vikaungua vikawa matofali. Gilgamesh anaporudi Uruk mikono mitupu, anamwambia Urshanabi, baharia aliyefuatana naye, apande ukutani akague matofali kama hayakuchomwa barabara, kisha anamtajia vipimo: maili moja ya mji, moja ya mitende, moja ya machimbo ya udongo, nusu ya hekalu la Ishtari. Ni maneno yale yale yaliyofungua kibao cha kwanza, na safari hii anayeyasema ni yeye.