Kitamili Kipi? Uhakiki wa Vitabu vya Kujifunzia bila Mwalimu

Anayetaka kujifunza Kitamili bila mwalimu huanza kwa kuuliza kitabu kipi ni bora. Swali linalopaswa kutangulia ni jingine: Kitamili kipi? Lugha hii ya Tamil Nadu, kusini mwa Uhindi, na ya kaskazini na mashariki mwa Sri Lanka, ina sura mbili zilizoachana sana. Ya maandishi hutawala magazeti, vitabu na hotuba rasmi. Ya mazungumzo ni ya nyumbani na sokoni, kwa profesa na mchuuzi sawia. Aandikaye irukkiradu (ipo) hutamka irukku. Vendum (inatakiwa) huwa venum. Avargal (wao) huwa avanga.

Kwa hiyo kasoro kubwa ya vitabu vingi si uhaba wa mazoezi, bali ni kutomwambia msomaji anafundishwa sura ipi. Vitabu vya wamisionari wa karne ya 19 ndivyo vinavyopotosha zaidi, na kwa kuwa haki miliki zake zimekwisha, ndivyo vinavyopatikana bure. G. U. Pope alikiita chake mwongozo wa lahaja ya kawaida. Lakini "kawaida" hiyo ilitofautishwa na lugha ya ushairi wa kale, si na maandishi. Mwanafunzi atakayekimaliza kwa bidii atapata sarufi nzuri, kisha ataagiza chai kwa lugha ya tangazo la serikali. (Pope mwenyewe, mfasiri wa Tirukkural mwaka 1886, si mtaalamu wa kudharauliwa.)

Sarufi ya Thomas Lehmann, iliyotolewa Pondicherry mwaka 1989, yashughulikia Kitamili cha maandishi cha leo. Ya Harold Schiffman ya mwaka 1999 yaeleza cha mazungumzo, na jina lake lasema hivyo waziwazi. Zote mbili ni za rejea, wala si za mwanzilishi. Kilichobaki ni Colloquial Tamil cha E. Annamalai na R. E. Asher (2002), kinachoanzia kwenye mazungumzo, na ndicho kinachofaa kutangulia. Udhaifu wake ni kwamba mazungumzo hayo yamechapwa kwa herufi za Kirumi, na mwanafunzi mvivu aweza kuzing'ang'ania hadi mwisho. Lakini mwandiko wa Kitamili nao hautoshelezi peke yake: herufi moja husomwa p mahali pamoja na b pengine. Ndiyo maana kitabu kisicho na sauti zilizorekodiwa hakifai kwa asiye na mwalimu, hata kingekuwa na sarufi bora namna gani.

Msomaji wa Lubumbashi anaujua umbali uliopo kati ya Kiswahili cha darasani na kile cha mtaani. Ulinganisho huo, hata hivyo, una mpaka. Kiswahili sanifu kilifika Katanga kutoka nje, ilhali kwa Watamili sura zote mbili ni za jamii ileile, na msomi huzitumia zote siku moja. Haiwezekani kuchagua moja na kuiacha nyingine. Linalochaguliwa ni utaratibu tu.

Kuhusu kamusi, ile ya Chuo Kikuu cha Madras, majuzuu 6 yaliyotolewa kati ya 1924 na 1936, ni hazina ya fasihi. Aliyesikia venum barabarani hana budi kwanza kujua kwamba neno la kutafuta humo ni vendum.