Kwa Mwoga Huenda Kicheko

Mchezo wa kompyuta uitwao Project Zomboid humwambia mchezaji tangu mwanzo kwamba anachokwenda kukiona ni kisa cha kifo chake mwenyewe. Hakuna kombe mwishoni wala adui mkuu wa kumuua ili dunia iokoke. Ni Julai 1993, katika eneo la kubuni liitwalo Knox, jimbo la Kentucky, Marekani. Maiti wameamka, jeshi limefunga barabara, na wewe umesimama jikoni ukiwa mikono mitupu, na kabatini mna vikopo viwili vya maharage. Linalobaki ni kuona utafika siku ya ngapi.

Walioutengeneza ni kampuni ya The Indie Stone, na tangu mwaka 2013 unapatikana kwenye duka la Steam. Gemu nyingi zinazopendwa na vijana wetu, za mpira na za vita, humlipa anayesonga mbele. Huu humlipa anayejua kurudi nyuma. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio, na sijaona mchezo unaoitii kauli hiyo kwa ukamilifu kama huu. Kubaki hai ndani yake ni ufundi halisi, wenye zana zake na adabu zake, na ningependa kuusifu kutoka hapa Bugarama, eneo la machimbo ya dhahabu mkoani Shinyanga, ambapo ufundi wa namna hiyo hauhitaji kufafanuliwa.

Tuanze na kelele, kwa sababu ndizo zinazowamaliza wageni wengi. Zombi mmoja hana kitisho kikubwa. Anatembea akiburuta miguu. Ukimsukuma anaanguka, ukimpiga kichwani akiwa chini kazi imekwisha. Anayeua ni wa nne, yule aliyetokea nyuma ya ua wakati wewe unahema. Na aliyemwita huyo wa nne ni wewe: ulivunja kioo cha dirisha badala ya kuzunguka kujaribu mlango wa nyuma, ulikimbia barabarani pale ambapo ungetembea umeinama, au uliokota bastola ukadhani umepona. Risasi moja husikika mtaa mzima. Mgeni hufyatua, anamwangusha mmoja, halafu anatazama dirishani na kuona uwanja umejaa. Mzoefu huipita bastola hiyo hiyo akachukua nyundo, misumari na shuka. Shuka huchanwa ikawa bendeji, huziba dirisha usiku ili taa isionekane nje, na hufanywa kamba ya kushukia kutoka ghorofani mlango wa chini ukivunjwa.

Pembeni mwa skrini kuna alama ndogo zinazoonyesha uchovu, kiu, hofu na uzito wa mzigo. Mgeni hazitazami mpaka zimegeuka nyekundu. Hajui kwamba aliyebeba kupita kiasi huchoka mapema, kwamba pigo la aliyechoka halina nguvu, na kwamba ile runinga aliyoibeba kutoka nyumba ya pili ndiyo iliyokuwa inamuua. Nguo nzito hukinga ngozi, lakini hutoa jasho na kuongeza kiu. Mkwaruzo wa kucha unaweza kupona. Meno yakipita kwenye nyama, kwa mpangilio wa kawaida wa mchezo, hakuna dawa. Kila hatua ina gharama, na gharama hiyo hulipwa baadaye, mahali usipopategemea. Huo ndio uzuri wake, na ndiyo maana mchezaji mzuri hutazamika kama mtu asiyefanya kitu: amesimama nyuma ya pazia, anasubiri kundi lipite.

Kusubiri kwa namna hiyo tunakujua hapa Bugarama, kata ya Halmashauri ya Msalala, jirani na mgodi mkubwa wa chini ya ardhi wa Bulyanhulu. Ukitoka hapa kuelekea Kahama au kuelekea Geita, ukanda wote huu una maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo. Mwanaapolo, yaani mchimbaji mdogo, akiwa mgeni na akifundishwa vizuri haanzi na sururu. Anaanza kwa kutazama matimba, magogo yanayozuia kuta, kama yameshika au yamelegea. Anasikiliza udongo unaodondoka. Anajua hewa inaingilia wapi na nani yuko juu kwenye kamba. Wazee wa kazi humheshimu kijana anayesema "leo hapana" mvua ikiwa imenyesha usiku kucha, hata kama jana mkanda wa dhahabu ulionekana. Kusema hivyo huku wenzako wanashuka kunahitaji moyo kuliko kushuka.

Na hapa kwetu tunalo tukio ambalo hakuna mtengeneza gemu angeweza kulibuni. Tarehe 5 Oktoba 2015, kifusi kiliwafungia wachimbaji sita katika machimbo ya Nyangalata, wilayani Kahama. Mmoja alifariki humo. Watano walitolewa wakiwa hai tarehe 15 Novemba, baada ya siku 41. Walikula mende na vyura, wakanywa maji yaliyochuruzika kutoka juu. Walipokuwa gizani, Tanzania ilipiga kura tarehe 25 Oktoba na ikaapisha rais mpya tarehe 5 Novemba. Siwalinganishi watu hao na mtu aliyekaa kwenye kiti akibonyeza vitufe. Yeye akifa huanza upya, na aliyebaki Nyangalata hakuanza upya. Nawataja kwa sababu ndio kipimo. Ukitaka kujua subira, mgao na kutokata tamaa ni nini hasa, usiulize skrini, uliza mkoa wa Shinyanga.

Lakini skrini ina jambo moja ambalo duara haliwezi kulitoa: nafasi ya kukosea bila mtu kuzikwa. Dean Hall, aliyebuni mwaka 2012 mchezo mwingine wa kunusurika kati ya zombi uitwao DayZ, alikuwa mwanajeshi wa New Zealand, na wazo lilimjia baada ya mafunzo magumu ya kunusurika msituni huko Brunei. Alitaka mchezaji aonje kidogo kile alichokionja yeye: njaa inayobadilisha maamuzi. Naona alifanya jambo la maana. Kijana aliyewahi kupoteza mhusika wake wa wiki tatu kwa sababu ya tamaa ya nyumba moja zaidi amejifunza kuhusu tamaa kitu ambacho hotuba hazimfikishii.

Katika Project Zomboid, sehemu ninayoipenda kuliko zote ni maji. Siku za mwanzo bomba linatoa na umeme unawaka, na mgeni hudhani vitaendelea hivyo. Ndani ya wiki za mwanzo vyote hukatika, kila kimoja kwa siku yake isiyotangazwa. Aliyejaza chupa, sufuria, ndoo na kila chombo kilichokaa jikoni ataishi kwa amani akijenga mapipa ya kukinga mvua, ambayo maji yake huchemshwa kabla ya kunywewa. Sisi tuliokulia na madumu nyuma ya mlango hatuhitaji kuelezwa hili mara mbili. Akiba haiozi, tunasema, ila humu nyama na maziwa huoza, kwa hiyo vyakula vya friji huliwa kwanza na vya kopo hufichwa. Na kuna jambo jingine la ajabu: siku hizo za mwanzo televisheni bado inarusha vipindi vya mapishi na useremala, na mhusika akivitazama ujuzi wake hupanda. Maiti wanagonga uzio, nawe umekaa kwenye kochi unajifunza kupiga msumari. Naiona hiyo kuwa picha bora ya uanagenzi katika mchezo wowote nilioucheza.

Basi kwa anayeanza leo. Chagua mji wa Rosewood au Riverside, ambako maiti ni wachache. West Point uiache mpaka umezoea, na Louisville uikimbie kabisa. Vaa spika za masikioni, kwa kuwa utawasikia kabla ya kuwaona. Jaza maji kabla ya kutafuta silaha. Jua milango miwili ya kila nyumba unayolala, na ulale juu. Ukijikuta unapigana na zaidi ya wawili, geuka, tembea, usikimbie mpaka ulazimike. Na siku utakapokufa, maana utakufa, kabla ya kuanza upya kumbuka ni kelele gani ya kwanza uliyoipiga.