Makadirio Matatu ya Aprili 2025

Januari 2025 Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) lilikadiria kwamba uchumi wa dunia ungekua kwa asilimia 3.3 mwaka huo. Aprili likashusha hadi 2.8, Julai likapandisha hadi 3.0, Oktoba likafika 3.2. Waliofuatilia vichwa vya habari tu walikuwa na haki ya kudhani kwamba wataalamu wanabahatisha. Lakini makadirio ni sentensi yenye “ikiwa” ndani yake, na anayeishika tarakimu akaacha sharti hajayasoma. Ripoti ya Aprili inalionyesha hilo waziwazi. Wachumi wa IMF wanaoshughulikia kila nchi hufanya hesabu ya nchi yao, ila wote hutumia dhana za pamoja: bei ya mafuta hufuata soko la mikataba ya baadaye, na thamani halisi ya sarafu huchukuliwa kuwa haitabadilika. Matokeo hujumlishwa kwa kuzingatia ukubwa wa kila uchumi. Kazi ya namna hiyo lazima iwe na siku ya kufunga hesabu, na safari hii siku yenyewe ilikuwa 4 Aprili, siku mbili baada ya Rais Donald Trump kutangaza ushuru mkubwa wa forodha. Tarehe 9 akausitisha kwa nchi nyingi na kuiongezea China. Ripoti ilitoka tarehe 22. Waandishi wake wakaweka hesabu tatu mezani: 3.2 kwa hali iliyokuwepo kabla ya tangazo, 2.8 kwa hali ya tarehe 4, na 2.8 tena baada ya tarehe 9, kwani nafuu waliyopata wengine ilimezwa na mzigo wa China. Iliyotangazwa sana ni moja. Mei Marekani na China zilipunguziana ushuru, wafanyabiashara walikuwa wamewahi kuagiza bidhaa, dola ikadhoofika. Sharti likabadilika na tarakimu ikalifuata.

Kuna atakayesema hiki ni kichaka cha kujifichia, kwamba mwenye “ikiwa” hakosei kamwe. Hakosei pale tu sharti linapovunjika. Likitimia na matokeo yakaenda kombo, kosa ni lake, na mfano upo. Oktoba 2022 IMF ilikadiria kuwa Marekani ingekua kwa asilimia 1.0 mwaka 2023, kwa hoja kwamba riba zinazopanda zingebana matumizi. Riba zilipanda kweli, hadi kati ya asilimia 5.25 na 5.50 ilipofika Julai 2023, na bado uchumi ulikua kwa zaidi ya asilimia 2. Familia nyingi zilikuwa na akiba ya wakati wa janga la korona, na mikopo ya nyumba ya miaka 30 yenye riba isiyobadilika iliwakinga wenye nyumba. Hapo uelewa wenyewe wa uchumi ulipungukiwa, na hilo ni kosa zito kuliko la 2025.

Pingamizi gumu zaidi ni la Hazina: bajeti huandikwa kwa tarakimu moja. Ni kweli, na bajeti za Kenya na Tanzania husomwa Juni, wiki chache baada ya ripoti ya Aprili. Lakini nchi hizi huagiza nje mafuta yaliyosafishwa, kwa hiyo dhana ya bei ya mafuta inazigusa moja kwa moja kuliko wastani wa ukuaji wa dunia. Dhana hiyo imechapishwa ndani ya ripoti hiyohiyo. Hotuba ya bajeti ingeweza kuitaja, na kueleza ni matumizi gani yatakatwa kwanza bei ikizidi.