Jiko Moja, Maana Tatu: Uhakiki wa Istilahi za Matengenezo ya Mahali pa Kupikia

Maneno ya nyumbani hudhaniwa kuwa mepesi kwa kuwa kila mtu anayajua. Neno jiko laonyesha kuwa dhana hiyo si sahihi. Jiko ni chombo cha kupikia. Jiko ni mahali moto unapowaka. Tena jiko ni chumba chenyewe. Twaliacha kando jiko la mtu aliyeoa, maana hilo halimpotezi mfasiri. Hayo matatu ya kwanza ndiyo yanayompoteza, hasa wakati huu ambapo watu wanatengeneza upya mahali pao pa kupikia.

Tutazame wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara. Nyumba ya asili ya Wairaqw ilikuwa tembe lenye paa la udongo, na baadhi ya nyumba zilichimbwa zikaingia ubavuni mwa kilima. Moto uliwaka ndani. Ulipika, ukawapa watu joto katika baridi ya nyanda za juu, na moshi wake ukahifadhi mbegu zisiliwe na wadudu. Zilipokuja nyumba za tofali na bati, aghalabu moto ulihamishwa nje, kwenye banda. Leo wenye uwezo wanaurudisha ndani kwa namna nyingine: mtungi wa gesi, karo la kuoshea vyombo, kabati za ukutani na sakafu ya marumaru. Moto umetoka ukarudi, lakini jina halikubadilika. Yote hayo ni jiko.

Sasa tuchukue tangazo la namna hii: "Kila kaya iboreshe jiko lake." Msomaji mmoja atanunua chombo kipya. Wa pili atayapanga upya mafiga yake na kuyakandika udongo. Wa tatu atatoboa dirisha bandani. Wote wametii, wala hakuna awezaye kuambiwa kuwa amekosea. Mtu wa pwani huenda akabahatisha maana kwa mazoea. Lakini Kiiraqw ni lugha ya Kikushi, na Kidatoga ni ya Kinailoti. Wengi wa wasemaji wake hujifunza Kiswahili shuleni na kwenye matangazo hayo hayo. Kwao maana ni ile iliyoandikwa tu.

Hasara yake si ya lugha peke yake. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani. Mama aliyepewa chombo kipya akakiweka katika banda lisilo na pa kutokea moshi, bado anavuta moshi, ingawa katika hesabu za ofisi ameandikwa kuwa ana jiko bora.

Tuyapime basi maneno yanayotumika. La kwanza ni ukarabati. Kukarabati ni kukirudisha kitu kibovu katika hali ya kufaa. Mtu anayebomoa ukuta ili chumba cha kupikia kiungane na sebule hakarabati kitu, anaunda upya. Tena "ukarabati wa jiko" kwa fundi wa mabati ni kuziba chombo kilichotoboka.

La pili ni jiko banifu. Hili twalisifu, kwani limetokana na kitenzi kubana na kila mtu anaelewa kuwa linabana kuni. Kosa ni la wanaolitumia kana kwamba lamaanisha pia jiko lisilo na moshi. Ubanifu wahusu kuni. Habari ya moshi yataka neno lake.

La tatu ni nishati safi ya kupikia, lililoenea zaidi tangu Mei 2024, ulipozinduliwa mkakati wa taifa unaokusudia kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Istilahi yenyewe ni sahihi, lakini yataja kinachowaka tu. Haisemi moto uwake wapi, wala haimjibu mkaaji wa Mbulu anayeuliza: nikiondoa kuni, jioni nitaota moto wapi? Mfasiri anayedhani kuwa jiko ni la kupikia tu hatalisikia swali hilo.

Wengine hupendekeza jikoni liwe jina la chumba. Twaona ugumu. Jikoni ni neno la mahali. Twasema jikoni pana moshi, au jikoni mna moshi, wala halina wingi. Karani akitaka kujaza idadi, ataandika "jikoni tano"?

Kwa hiyo twapendekeza yafuatayo katika maandishi rasmi:

(a) Jiko (wingi majiko) liwe chombo cha kupikia.
(b) Meko liwe mahali pa moto pasipohamishika, yakiwamo mafiga matatu. Asili yake ni wingi wa jiko, lakini matumizi yamekwisha kulipa maana hii.
(c) Chumba cha kupikia kiwe ndani ya nyumba, na banda la kupikia liwe nje.
(d) Dohani liwe njia ya kutolea moshi. Na pale ambapo halijazoeleka, liandikwe bomba la moshi.
(e) Kuunda upya kutumike kwa mabadiliko ya umbo, na ukarabati ubakie kwa kurekebisha kilichoharibika.

Karo tusilibadili kwa sinki bila sababu. Kuhusu marumaru, mafundi wamekwisha kuliita hivyo hata lile pambo la sakafu lililo la udongo wa kuchoma, na vitabu vyaandika vigae. Hapo twaona heri kuwafuata mafundi, maana ndio watakaoagizwa kazi.

Twawaomba walimu na maofisa walioko Mbulu, Katesh na vijijini watuletee maneno wanayoyasikia kwa wenye nyumba wenyewe. Istilahi isiyojua moto unawaka wapi haitamwondolea mtu moshi machoni.