Shukrani na Sanduku Lililojaa

Msomaji mpendwa, fungua sanduku lako la bweni ulitazame. Yamkini mna shati lililokubana tangu mwaka jana, kalamu tatu zilizokwisha wino, daftari la zamani, na soksi isiyo na mwenziwe. Walakini mtu akikuuliza una nini, utajibu, "Sina kitu." Ni ajabu kubwa kwamba sanduku halifungiki kwa kujaa, na mwenyewe analia uhaba.

Marie Kondo, mwanamke wa Kijapani, ameandika kitabu kwa ajili ya watu wa namna hiyo, waliosongwa na vitu vyao wenyewe. Kilifasiriwa kwa Kiingereza mwaka 2014, na mamilioni ya watu wamekinunua. Natukipime pamoja, kwa kuwa mafundisho yanayosifiwa sana ndiyo yanayohitaji mizani.

Mafundisho yake ni mepesi kueleza. Vitu vya namna moja vikusanywe mahali pamoja: kwanza nguo, kisha vitabu, kisha karatasi, kisha vikorokoro vya nyumbani, na mwisho vitu vya kumbukumbu. Kila kimoja kitwaliwe mkononi, na mwenyewe ajiulize kama kinamwamshia furaha. Kinachofurahisha kiwekwe. Kisichofurahisha kishukuriwe kwa kazi kilichoifanya, kisha kiondoke.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kitabu hiki kina hekima. Nguo zikitawanyika, nyingine sandukuni, nyingine kambani, nyingine kwa rafiki, mwenyewe hazijui idadi. Zikilundikwa pamoja, huona mara moja jinsi alivyojaliwa. Anayeyatazama mashati yake sita hawezi tena kusema hana la kuvaa. Hesabu ni mlango wa shukrani, na shukrani huugeuza moyo. Mwaka 2003 wataalamu wawili wa Marekani, Robert Emmons na Michael McCullough, walitangaza uchunguzi wao: watu walioandika kila wiki mambo ya kushukuru waliyaona maisha yao kuwa mema kuliko wale walioandika mambo yaliyowaudhi. Kalamu haikuwaongezea mali. Iliwaongezea macho ya kuiona.

Hata hivyo naona kasoro mbili. Ya kwanza ni kwamba furaha ni kipimo cha mtu aliyeshiba. Jembe lenye mpini uliochakaa na sufuria yenye masizi haviamshi furaha, lakini pasipo navyo nyumba hulala njaa. Aondoaye leo kwa wepesi ni yule awezaye kununua kesho, na nafasi iliyo wazi huita kitu kipya. Mwandishi mwenyewe, mwaka 2019, alifungua duka la mtandaoni la kuuza vitu vya nyumbani. Biashara si dhambi, lakini msomaji ana haki ya kuuliza: nyumba ilipunguzwa vitu ili itosheke, au ili ijazwe upya? Tena kinachoondolewa hakitoweki duniani. Nguo nyingi zilizochosha wenyewe Ulaya na Amerika hufungwa marobota, zikafika masoko kama Gikomba mjini Nairobi. Zilizo nzuri huvaliwa. Zilizo mbovu huwa taka yetu.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi, nami niliijua kwa kujikwaa. Nilipokwenda chuo cha ualimu, mama alinifumia sweta ili baridi isinipige. Miaka mingi baadaye, nikikifuata kitabu hiki, niliishika, nikaona haiamshi kitu moyoni, nikaishukuru kwa adabu, nikaitoa. Likizo ilipofika mama aliniuliza, "Mwanangu, ile sweta bado inakufaa?" Nilikosa jibu. Kuitoa hakukuwa kosa, maana ilikuwa imenibana. Kosa langu ni kwamba niliishukuru sufu, na mikono iliyoifuma sikuwahi kuishukuru.

Basi, msomaji, usikitupe kitabu hiki, bali kiongezee maswali yaliyopungua. Kabla hujaondoa kitu, jiulize: Nani alinipatia? Je, amesikia shukrani zangu? Nani anakihitaji kuliko mimi? Shati linalokubana mpe mdogo wako lingali zima, wala usingoje liwe tambara. Atoaye kilicho kizima akalala bila majuto amekwisha kuwa tajiri, hata kama mfukoni hana senti. Kondo mwenyewe, mwaka 2023, akiwa mama wa watoto watatu, alikiri kwamba nyumba yake haikuwa nadhifu kama zamani, na kwamba kukaa na watoto wake ndilo jambo alilolitanguliza. Naona hapo amefundisha vizuri kuliko katika kurasa zake zote.

Jioni hii panga sanduku lako kama alivyoelekeza. Lakini kabla ya kulifunga, twaa karatasi umwandikie barua yule aliyelijaza.