Elimu Bora au Bora Elimu? Juu ya Mifumo ya Ubora Katika Vyuo Vikuu

Kiswahili hutofautisha kwa mpangilio wa maneno tu kati ya elimu bora na bora elimu. Ya kwanza ina thamani. Ya pili ipo tu, ili isisemwe kwamba haipo. Tofauti hiyo ndiyo kipimo cha mifumo ya ubora inayoanzishwa leo vyuoni.

Asili ya mifumo hiyo ni viwandani. Kanuni za ISO 9001, zilizotolewa mara ya kwanza mwaka 1987, huitaka taasisi ipange kazi zake, izitimize kama ilivyopanga, na ihifadhi ushahidi. Faida yake haikanushiki: alama zikibadilishwa, hujulikana ni nani aliyezibadilisha. Lakini profesa aweza kusoma vitini vilevile kwa miaka ishirini, kwa saa zilizopangwa, na daftari la mahudhurio likatiwa sahihi kila siku. Hati zitakuwa kamili. Elimu itakuwa bora elimu.

Historia ya Kongo yatoa onyo. Mwaka 1971 serikali iliunganisha vyuo vikuu vya Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire. Vitivo vikagawanywa baina ya miji hiyo, Lubumbashi ikapewa Kitivo cha Fasihi. Mwaka 1981 muungano huo ulivunjwa. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 ikafungua mlango wa ngazi tatu: lisansi, masta na udaktari. Kila mara umbo lilibadilishwa kwa amri ya serikali, ilhali yanayotendeka mbele ya ubao hayakuguswa.

Hapo ndipo penye ugumu. Mwanafunzi asiyenunua vitini, vinavyoitwa silabusi, huhofia mtihani. Akipewa fomu ya kutathmini somo, naye ajua kwamba itasomwa na yuleyule atakayemsahihisha, atasifu. Sifa hizo zitajumlishwa, na ripoti itatangaza ubora.

Kwa hiyo mfumo usihukumiwe kwa wingi wa fomu zake. Fomu zisiwe na majina. Zifunguliwe baada ya matokeo kubandikwa, na watu wa kitivo kingine. Na wanafunzi waelezwe kilichorekebishwa. Chuo kisichothubutu kufanya hayo kitapata cheti, lakini wanafunzi wake wataendelea kununua vitini vilevile.